Mpira Mmoja, Majina Matatu

Sogeeni karibu, na mwenye wivu akae mbele, maana hadithi hii ni yake.

Timu yetu ya kikapu ilikuwa na mashoga watatu, wasichana walioshibana. Siwema alikuwa na mikono mirefu, akishika kitu hakibanduki. Nyamizi, nahodha, alizijua sheria kuliko baadhi ya marefa. Tumpe alikuwa na roho ngumu, hata azomewe vipi mkono wake hautetemeki. Walisukana nywele na kula sahani moja.

Nasi tuna desturi: mpira wa fainali huenda nyumbani na aliyetupa ushindi, na jina lake huandikwa juu yake kwa wino.

Fainali ile zilibaki sekunde nne, tuko nyuma kwa pointi moja, na mpira wanao wapinzani. Siwema akamrukia mwenye mpira, akaung'ang'ania pamoja naye, wakavutana hadi refa akapuliza filimbi.

Mpira ukishikwa na wawili, hupewa timu inayoonyeshwa na mshale wa mezani, kisha mshale hugeuzwa ili zamu ijayo iwe ya wengine. Mshale uliwaonyesha wao! Wakaanza kushangilia. Nyamizi akamwendea refa taratibu.

"Samahani, refa. Mara ya mwisho zamu walichukua wao, na mshale haukugeuzwa."

Daftari likafunguliwa, ikaonekana ni kweli. Mpira ukawa wetu.

Akarushiwa Tumpe. Aliporuka kufunga akapigwa mkono: faulo, mitupo miwili. Uwanja mzima ukamzomea. Akafunga wa kwanza, akafunga na wa pili. Tukashinda!

Furaha haikufika hata jioni.

"Mpira ni wangu," alisema Siwema. "Nisingeushika, mngedai zamu ipi?"

"Uliushika, lakini bila mimi wangepewa wao," Nyamizi akamjibu. "Tena ulimsukuma yule dada kwa nyonga kwanza. Ile ilikuwa faulo, nikakusitiri tu."

Tumpe akacheka kwa uchungu. "Nyie mlileta mpira. Usioingia kikapuni una pointi ngapi?"

Tangu siku hiyo hawapeani pasi, na kila mmoja anasukwa kwingine. Jumamosi tumefungwa na timu inayoshika mkia.

Kocha amechoka. Kesho anataka jina moja, la sivyo timu anaivunja. Mpira na kalamu kanipa mimi, mchezaji wa akiba, kwa kuwa siku ile sikugusa chochote. Kumbe nami wivu unaniuma! Jana nilijaribu mwandiko kwenye karatasi, na jina lililotoka lilikuwa langu.

Karatasi nimeichana. Je, wewe ungeandika jina la nani?