Kalunde Aliyeombolezwa Hai

Sikilizeni kwanza, hukumu mtaitoa baadaye.

Katika nchi ya Usindamba, enzi za Mtemi Igulu, walikuwako watu watatu wa ukoo mmoja. Lubinza wa Shigela alikuwa mpiga ngoma. Akiigusa ngozi, hata mgomvi wako alikulilia. Nyamizi, mpwa wake, aliliimba jina la marehemu hata mgeni akadhani alimjua. Wa tatu ni Kalunde binti Shigela, dada yake Lubinza na mama yake Nyamizi. Kipawa chake kilikuwa kutulia: nzi angetua kwenye ukope wake, asipepese.

Usindamba ilikuwa mwanachama wa Jumuiya ya Ngoma za Mataifa kwa ajili ya ngoma yake ya msiba, iitwayo lwimba. Kwa uanachama huo watoto wa shule walipata chakula cha mchana. Sharti lilikuwa moja: wajumbe wakija, waione ngoma yenyewe, si maigizo. Na lwimba haipigwi ila maiti yumo ndani.

Mwaka huo wajumbe walifika, na nchi nzima hakuna aliyekufa.

"Hata yule babu wa kina Mwandu?" Mtemi aliuliza.

"Ameamka leo akaomba ugali, Mtemi."

"Mkaidi yule!"

Kalunde alicheka, na kicheko ndicho kilichomponza. "Basi nitakufa mimi. Wageni wakiondoka, mtaninyoa."

Alijua anachosema. Aliyepigiwa lwimba ni maiti: hasalimiwi, na shamba lake hugawanywa. Lakini akiwa ameombolezwa kwa makosa, kama mwindaji aliyepotea akarudi, wanawake wa ukoo humnyoa hadharani sokoni na kumwita jina lake upya. Hapo huwa hai tena.

Lubinza akapiga. Mjumbe mkuu, Bwana Renholt, akavua kofia, akalia.

Nyamizi akaimba. Wajumbe wakamlilia mwanamke wasiyemjua.

Kalunde akalala chini ya shuka. Mwanawe aliimba jinsi mama alivyomlisha wakati wa njaa yeye mwenyewe akilala tumbo tupu. Maneno hayo Nyamizi hakuwahi kumwambia usoni. Kalunde alitaka kulia, hakulia. Bwana Renholt aliinama karibu kabisa, asione hata pumzi.

Wajumbe wakaridhika mno. Wakamwacha Bwana Renholt akae pale pale sokoni, ailinde lwimba isichezewe.

Nani sasa angemnyoa Kalunde sokoni mbele ya mgeni, ajue kwamba yalikuwa maigizo? Shamba likagawanywa. Jembe lake akalichukua Lubinza. Siku moja, kisimani, Kalunde alisema, "Nyamizi mwanangu, nitwike mtungi."

Nyamizi akamgeukia shoga yake. "Upepo umeanza mapema mwaka huu."

"Tena unanuka njaa," shoga akajibu. Wakacheka, wakaenda zao.

Ndipo Mtemi Igulu alipotangaza kwamba aliyeiokoa Usindamba atapewa ombi moja, lolote.

Lubinza akasema, "Bila ngoma yangu wangeona shuka tu. Naomba tubaki katika Jumuiya, nami nikapige ngoma katika miji yao."

Nyamizi akasema, "Bila wimbo wangu ingekuwa kelele, Mjomba anisamehe. Wanangu wanakula pale shuleni. Naomba tubaki."

Kalunde alikuwa amesimama langoni. Maiti hasikiki, lakini hakuna mila inayomkataza kusema na mbwa. Akamwinamia mbwa wa Mtemi.

"Mwambie bwana wako: bila mimi wangeipigia nyumba tupu. Naomba Usindamba ijitoe katika Jumuiya. Mgeni arudi kwao, mimi ninyolewe. Mvua imekaribia, na maiti hapewi mbegu."

"Mtemi," Lubinza akasema, "mbwa wako anabweka bure."

Nyamizi aliinamisha kichwa.

Igulu alimtazama mbwa muda mrefu. Kutoka shuleni zilisikika sahani za watoto. Aliwaza kwamba wakijitoa, sahani hizo zitanyamaza. Wakibaki, mwanamke huyu atakufa kwa njaa mbele ya macho yao, na hakuna atakayeruhusiwa kumlilia, kwa kuwa amekwisha kuliliwa.

Haya, wasikilizaji, kaeni nyinyi katika kiti cha Igulu. Ngoma, wimbo na kimya: kimoja kingekosekana, viwili visingefaa kitu. Ombi ni la nani? Na wewe uliyekwisha kujibu moyoni, ungeweza kulitamka jibu lako huku Kalunde akikutazama?