Kivinjari cha Kidawa

Wewe ungefanyaje? Ilikuwa siku ya mwisho ya kuomba kazi, na tovuti ya ajira ilikubali kivinjari kimoja tu, Tarishi, ambacho simu kuukuu ya Kidawa haikukiweza.

Akamfuata Bosi Mshigeni, msimamizi wa tovuti hiyo, ofisini.

"Sista, nunua simu mpya," bosi alisema. "Vivinjari vingine havina ubavu wa kusoma fomu zetu."

Kidawa akakaa kwenye ngazi, akabonyezabonyeza simu, akarudi. Fomu ikafunguka, akaijaza na kuituma mbele ya bosi.

"Umeona Tarishi inavyoteleza?" bosi alitamba.

"Hiki ni kile kile changu cha zamani, bosi. Nimekiagiza kijitambulishe kwenu kama Tarishi, na sistimu yenu ikaridhika na jina. Sasa vifungulieni vivinjari vyote, leo hii, wenzangu nao waombe."