Persisi, Aliyekombolewa Mara Moja

Wamesimulia waliopokea kutoka kwa waliotutangulia katika imani, Mwenyezi Mungu awarehemu wote, ya kuwa palikuwa na kijiji cha waumini wa Kristo nyuma ya pwani, katika zama ambazo wanadamu walikuwa wakiuzwa na kununuliwa. Kijiji kiliitwa Neemani. Aliyewafundisha waumini wake ni Mwalimu Tikiko, mtu mwenye elimu ya Maandiko na sauti ndogo. Na mkewe alikuwa Bibi Loisi, mcha Mungu ambaye ulimi wake, wasema wasimulizi, haukuwa mpole kama wa mumewe.

Siku moja wawili hawa walimkuta msichana akipitishwa njiani katika kamba. Wakamkomboa. Walitoa nini, hatukuambiwa. Twajua tu kwamba mwaka ule paa la nyumba yao halikuezekwa, na mvua iliwanyeshea ndani. Msichana alifundishwa, akaamini, akabatizwa kwa jina la Persisi, akakaa kwao.

Kuhusu bidii yake, riwaya zote zinakubaliana. Aliamka kabla ya watu wote, akateka maji, akatwanga, akafagia uwanja na kanisa, kisha akarudi kutwanga tena ingawa unga ulikuwapo. Wenye nyumba walipoketi mkekani kula, yeye alingoja, akala baadaye jikoni akiwa amechuchumaa. Wao walidhani ni unyenyekevu. Ikafika Jumapili ambayo Mwalimu Tikiko aliwaambia waumini: “Tumekombolewa, ndugu zangu, basi sisi si mali ya nafsi zetu. Mtazameni Persisi. Hivyo ndivyo aishivyo aliyekombolewa.” Waumini wakageuka, wakamtazama kwa heshima. Persisi aliinamisha kichwa, na kesho yake akaamka mapema zaidi.

Ikatokea wakati wa masika kwamba aliteleza akiwa amebeba kinu, akauangukia mkono wake wa kulia. Kifundo kikavimba. Hakumwambia mtu. Aliufunika mkono kwa upindo wa kaniki yake, akajaribu kutwanga kwa mkono wa kushoto, na mchi ukawa unamponyoka hata mtama ukamwagika mchangani. Alipoona kwamba hata kukamua kitambaa hawezi, akafunga vitu vyake vichache, akatoka mchana kweupe, akashika njia ya pwani.

Bibi Loisi alikuwa akirudi shambani na kuni kichwani. Wakakutana njiani.

“Waenda wapi, mwanangu, na jua hili?”

“Narudi, bibi.”

“Warudi wapi?”

“Kwa bwana wangu wa kwanza, yule wa pwani mliyenikomboa kwake. Ni mkali, lakini namjua. Nikingoja mniuze ninyi, sijui nitaangukia kwa nani.”

Bibi Loisi akautua mzigo. “Tukuuze? Nani amekwambia tuna duka?”

“Mkono umeharibika, bibi. Kazi siiwezi tena. Nanyi ndio mlionikomboa.”

“Ndiyo, tulikukomboa!”

“Basi si ninyi wenye mali? Huko nilikotoka, mtu akikukomboa kwa aliyekukamata, wewe umekuwa wake. Kamba ni ile ile, imebadilisha mikono tu. Na Mwalimu mwenyewe alisema kanisani kwamba aliyekombolewa si mali ya nafsi yake.”

Hapo ndipo Bibi Loisi alipofahamu kwamba katika nyumba moja, kwa muda wote ule, neno moja lilikuwa likisemwa kwa maana mbili. Wao waliposema kukombolewa walikusudia kufunguliwa. Persisi alisikia kuhamishwa. Na kila alipoimba juu ya Mkombozi, alikuwa akimwimbia bwana mpya, akimsihi asimchoke.

“Maneno hayo na ayasikie aliyeyasema,” akasema Bibi Loisi. “Shika njia, tangulia mbele yangu.”

Mwalimu Tikiko alisimuliwa yote. Chakula kilipoletwa, hakukigusa. Akasema, “Keti nasi, Persisi.”

“Siwezi, bwana. Mkono wa kulia chakula ndio huu.”

Nao walikuwa watu wasiotia mkono wa kushoto katika sahani. Bibi Loisi akamketisha mkekani, akanawa, akafinyanga tonge la ugali, akalichovya katika mchuzi, akampelekea kinywani. Persisi alikaza midomo, kama mtu anayeogopa kupokea.

“Fungua kinywa, mwanangu. Mchuzi unaniunguza vidole.”

Akafungua, akala, na machozi yake yakashuka pamoja na chakula.

Mwalimu Tikiko akamwuliza, “Siku ile tulipokukuta njiani, ulikuwa umetutwangia nini?”

“Sikuwa nimetwanga kitu.”

“Ulikuwa umetufagilia wapi?”

“Hata hamkuwa mkinijua.”

“Basi jambo ulilopewa kabla hujafanya kazi, utanyang’anywaje kwa kushindwa kazi?”

Persisi akatafakari, kisha akauliza swali lililokuwa limebaki moyoni mwake. “Na kama leo ningefika kwa yule bwana?”

“Ungekuwa mtu huru anayetumika utumwani. Nami ningekufuata.”

“Na kama ningekukana? Ukanikuta mlangoni, nikasema huyu simjui?”

Wamesema wasimulizi kwamba hapa Mwalimu alipima maneno yake, kwa sababu hakupenda kusema zaidi ya anavyojua. “Kukuvuta kwa kamba nisingeweza,” akajibu, “ningekuwa sawa na waliokufunga. Kwamba ungenikana, hilo ndilo ninaloliogopa kwa ajili yako, mwanangu. Mkono wako siuogopi. Lakini nisingeondoka. Ningeketi pale mlangoni.”

“Mpaka lini?”

Bibi Loisi akadakia: “Huyu? Angeketi mpaka yule bwana amdhanie ni mmoja wa minazi yake. Fungua kinywa.”

Persisi akacheka, na hawakuwahi kusikia kicheko chake kabla ya siku ile.

Jumapili iliyofuata Mwalimu Tikiko alilirudia fundisho lake mbele ya waumini wale wale, akaeleza sehemu aliyokuwa ameiacha: kwamba Mkombozi wetu, akiisha kutufungua, hutuita watoto. Mkono ukafungwa kwa vibanzi vya mianzi, ukapona polepole, ingawa ulibaki umepinda kidogo. Katika muda huo wote Persisi hakutwanga wala hakuteka maji, na kila siku alilishwa.

Ikawa asubuhi moja, vibanzi vilipokwisha kufunguliwa, jua lilichomoza naye bado amelala. Jirani akapita uani, akauliza, “Kulikoni leo, Bibi Loisi? Mbona kinu chenu kimenyamaza?”

“Sema polepole,” akaambiwa. “Binti yangu amelala.”

Baadaye Persisi akatoka, akajinyoosha, akauchukua mchi. Bibi Loisi akamzuia. “Nani amekuamuru?”

“Hakuna, mama. Ninyi mna njaa, nami nina njaa.”

Akatwanga. Unga ulikuwa na chenga siku ile, kwa kuwa mkono haujazoea. Wakaula wote watatu katika sahani moja.

Wapendwa, wanazuoni wetu wamejadiliana sana kama wokovu waweza kupotea, nami sidai kwamba kisa cha nyumba moja kimeumaliza mjadala wao. Lakini tulitazame hili kwa makini. Baada ya siku ile Persisi hakupunguza kazi yake. Alitwanga na kufagia hata uzeeni, na aliyemwona kwa mbali asingetambua kwamba kuna kilichobadilika. Zamani alitwanga ili asirudishwe sokoni. Sasa alitwanga kwa sababu amekwisha kufika nyumbani, na watu wa nyumba hiyo wanahitaji kula. Tofauti hiyo waliijua watu wa nyumba ile, na aliijua Mungu, aonaye yaliyomo mioyoni. Naye atujalie sisi sote kufanya kazi kama Persisi, na kulala kama yeye.