Masikio ya Mzee Kahindi

Hofu haifukuzwi, hupewa kazi. Hayo ndiyo maneno mliyoyasikia kwa mkufunzi wenu leo asubuhi, pale mwenzenu Sikudhani alipokwama ndani ya chumba cha mazoezi na mikono ikamtetemeka mpaka akaangusha spana. Mkufunzi akasema methali yake, akaendelea na somo, nanyi mkaja moja kwa moja hadi hapa karakana kuniuliza imetoka wapi. Mmefika penyewe. Watu husema ni maneno ya wahenga. Mimi si mhenga bado, ingawa magoti yangu yanabisha, na siku maneno hayo yalipozaliwa nilikuwapo. Sogezeni viti. Wewe uliyekalia pipa la rangi, hama hapo, halijakauka. Haya, chanzo chake ni hiki.

Nilikuwa na miaka ishirini na tisa, fundi wa hewa na maji katika chombo kilichoitwa Kipungu. Kazi yetu ilikuwa kupeleka mizigo na abiria wachache kwenye makazi ya Mwezini, safari ya siku nne. Nahodha wetu alikuwa Tuntufye Mwasaga, mtu wa Rungwe, mrefu na mpole, ambaye akisema maneno kumi kwa siku alijiona amehutubia. Wahudumu tulikuwa wawili tu, yeye na mimi. Na abiria safari hiyo alikuwa mmoja: Mzee Kahindi.

Mzee Kahindi alikuwa fundi cherehani kutoka Kaloleni, mwenye miaka sitini na miwili, mwili wa kutosha watu wawili na sauti nyembamba kama ya ndege. Binti yake Kadzo alikuwa akilima mboga huko Mwezini, ndani ya nyumba za vioo, na huko huko akapata mchumba. Harusi ilipangwa iwe siku mbili baada ya sisi kufika. Mzee alikuwa amemshonea bintiye gauni la harusi kwa mkono wake mwenyewe, akalikunja, akalitia ndani ya sanduku la bati. Angeweza kulituma, akabaki nyumbani kwake salama. Nilipomwambia hivyo, alinijibu, "Mwanangu, gauni hutumwa. Baba hatumwi."

Basi akaja mwenyewe, mtu ambaye hakuwahi kupanda hata ndege.

Tangu tulipoondoka alikuwa akiogopa, wala hakuficha. Kila kilicholia chomboni alikisikia. "Mwanatumu mwanangu, hiyo ni nini inayolia kru kru?" Ni pampu ya maji, Mzee. "Na hiyo inayokoroma?" Ni feni. "Na hiyo inayogonga mara mbili halafu ikanyamaza?" Ni bomba linapoa, Mzee, lala. Siku mbili nzima nilijibu maswali ya namna hiyo. Nami, nawaambia ukweli, nilichoka naye. Nilifika mahali nikimwona anaelea kuja upande wangu najifanya nasoma vipimo.

Siku ya tatu, tumekwisha kula chakula cha mchana, Mzee alikwenda chumba cha nyuma, chumba cha mizigo, kutazama sanduku lake kwa mara ya saba. Mimi na nahodha tulikuwa chumba cha mbele. Ghafla tukasikia "ta!" kama mtu ametupa kokoto juu ya bati. Kabla hatujatazamana, kengele ya hewa ikaanza kulia.

Kijiwe kimetupiga. Huko juu kuna vijiwe vidogo kuliko punje ya mtama, lakini vina mbio kuliko risasi, na kimoja kilikuwa kimetoboa ubavu wa Kipungu. Nahodha akatazama kipimo. "Hewa inatoka," akasema. "Dakika hamsini." Akajifunga mikanda, akashika usukani, kwa sababu ule upepo uliokuwa ukitoka ulikuwa unakisukuma chombo pole pole nje ya njia yake, na mtu mmoja alitakiwa asiuachie kabisa.

Kazi ya kutafuta tundu ikawa yangu. Vipimo vilionyesha kwamba liko nyuma, chumba cha mizigo. Kukifunga chumba hicho na kukiacha hatukuweza, maana mashine ya kusafisha hewa ilikuwa huko, na nguo zetu za anga zilikuwa huko. Nikajisukuma kwenda mlangoni. Mlango wenyewe ulikuwa uwazi wa duara, mtu mmoja anapita kwa kujikunja kidogo.

Na ndani ya duara lile alikuwa Mzee Kahindi. Alikuwa amekimbilia kwetu aliposikia kengele, akafika katikati, hofu ikamkamata pale pale. Mikono yake miwili ilishika ukingo, miguu imekazwa ukingo wa pili, macho yamefumbwa, kifua kinapanda na kushuka. Asingepita hata panya.

"Mzee, usiogope," nikamwambia. "Hakuna kitu."

Akafumbua jicho moja. "Kengele inalia. Nahodha amejifunga mikanda yote. Wewe mdomo unakucheza. Halafu waniambia hakuna kitu?"

Msicheke, mimi mwenyewe sikucheka. Nikajaribu kumbandua vidole. Nikibandua kimoja, viwili vinakaza. Nikamkaripia, nikamwambia atatuua sote. Hilo neno lilinitoka na sikuweza kulirudisha. Akafumba macho tena, akaanza kulia bila sauti, na machozi yake, kwa kuwa huko hakuna chini, hayakuanguka. Yalikusanyika juu ya kope kama shanga za kioo.

Nilipoyaona machozi yale niliona haya. Huyu alikuwa mtu wa makamo ya baba yangu, aliyeacha nyumba yake aende kumwoza binti, nami nimemwambia atatuua. Nikaacha vidole vyake. Nikaweka kiganja changu juu ya mkono wake, nikakiacha hapo tu.

"Nisamehe, Baba," nikasema. "Kitu kipo. Chombo kimetobolewa. Na mimi pia naogopa."

Akafumbua macho yote mawili. "Unaogopa?"

"Kama wewe, Baba."

Akavuta pumzi. Ilikuwa pumzi ya kwanza ndefu tangu kengele ilipolia. Wakati huo huo jambo likanijia. Mtu huyu kwa siku mbili amesikia kila kitu ndani ya chombo hiki. Mimi nimekaa humo miaka minne, nimezoea, sisikii tena. Hofu yake haijalala hata dakika moja. Ilikuwa macho, ilikuwa na masikio kunizidi, nami siku zote hizo nimekuwa nikiiambia ilale.

"Baba," nikamwambia, "tundu lina sauti. Ni ndogo sana, na mimi siwezi kuisikia. Wewe unajua sauti zote za humu. Nisikilizie ile ambayo jana haikuwapo."

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa njia ya kwenda kwao. "Kengele inanizuia," akasema.

"Nahodha!" nikaita. "Zima kengele!"

Kuzima kengele ya hewa wakati hewa inatoka ni kinyume cha kila somo mnalofundishwa hapa. Nahodha Tuntufye aligeuza shingo, akamtazama Mzee, akanitazama mimi, akaizima. Sijapata kumsahau kwa hilo.

Kimya kikaingia. Mzee Kahindi akafumba macho tena, lakini safari hii alifumba kama fundi anayepapasa kitambaa ajue ni cha aina gani. "Pampu," akasema. "Feni ile inayokoroma. Bomba linagonga... limegonga mara mbili." Akainamisha sikio. Nikaona vidole vyake vimelegea kidogo. "Kuna kingine. Kama mluzi wa mtu asiyejua kupiga mluzi. Kiko kushoto, nyuma ya matangi."

Naye akaachia ukingo ili anyooshe mkono kunionyesha. Mlango ukawa wazi, wala hakuna aliyemwondoa.

Tukaingia pamoja. Nyuma ya matangi ya maji palikuwa na mirundo ya masanduku, giza, na nyaya. Mluzi sasa hata mimi niliusikia, lakini ulitoka kila upande. Nikawa nageuka geuka kama kuku. Mzee akatia mkono mfukoni, akatoa kijiti cha uzi, akakata kipande kwa meno, akakiachia hewani.

Uzi ukaelea. Ukasimama kidogo, ukajinyoosha, halafu ukaanza kwenda taratibu, peke yake, kama mdudu anayejua nyumbani kwake. Sisi tukaufuata kwa macho. Ulipita juu ya tangi la pili, ukazama katikati ya nyaya, ukatoweka.

"Pale," tukasema pamoja.

Tundu lilikuwa dogo kuliko tundu la sindano ya magunia. Nikasogeza nyaya, nikaliona, na hapo hapo nikakumbuka kwamba bamba la kuzibia na gundi yake viko chumba cha mbele. Hewa ilikwisha kuwa nyepesi, masikio yalikuwa yananiuma. Mzee akawa ameshatoa kitambaa cha satini, kipande kilichobaki kwenye gauni la Kadzo, akakikunja mara nne, akakiweka juu ya tundu, na juu yake akakandamiza kastabini yake, ile kofia ya chuma ambayo mafundi huvaa kidoleni wasichomwe na sindano. Mluzi ukapungua, ukawa kama mtu anayepuliza uji wa moto.

"Shikilia hivyo hivyo, Baba. Nakwenda kuleta bamba."

Uso ukambadilika. "Unaniacha peke yangu?"

Muda wa kumbembeleza haukuwapo, na kumdanganya nilikuwa nimekwisha kujifunza kwamba hakufai. "Ndiyo, nakuacha kwa dakika nne," nikasema. "Lakini nataka kukusikia. Ukinyamaza nitajua kuna shida. Siku ya harusi mtaimba nini?"

"Kwetu baba wa bibi harusi haimbi. Huimba shangazi zake."

"Humu chomboni shangazi hatuna."

Nikaondoka. Nilikuwa sijafika mlangoni nikasikia sauti yake nyembamba imeanza, inatetemeka, inakatika, inarudi. Alikuwa anaimba nyimbo za kumtoa mwali, za kike tupu, zile wanazoimba akina mama wakipiga makofi. Nikapita mbele ya nahodha nikichukua bamba na gundi. Nahodha, ambaye siku hiyo alikuwa amekwisha kusema maneno yake kumi, akaanza kuitikia. Hakujua Kigiriama, lugha ya kwao Mzee, hata kidogo. Aliitikia kwa Kinyakyusa, kwa sauti nzito kama ya ng'ombe, na alikosea mahali pote pa kuitikia. Mzee akaongeza sauti ili amrekebishe. Mimi nikarudi mbio huku nacheka na machozi yananitoka, chombo kinavuja, na watu wazima wawili wanagombea wimbo wa harusi.

Nilimkuta Mzee ameng'ang'ania kastabini kwa mikono miwili, jasho limemtanda usoni, anaimba. Mikono ilikuwa inatetemeka bado. Haikuacha kutetemeka hata mara moja, na haikuachia. Nikapaka gundi, nikaweka bamba, nikakandamiza, nikahesabu hadi mia. Mluzi ukakoma.

Mzee Kahindi akasogeza uso karibu, akalitazama bamba langu kwa makini.

"Kiraka chako," akasema, "kimekwenda upande."

Basi tulicheka hadi nahodha akadhani tumeishiwa hewa, akaniita jina langu mara tatu.

Tulifika Mwezini kesho yake, tumechelewa saa sita tu. Kadzo alikuwa akingoja mlangoni, na Mzee alipomwona alisahau sanduku, sisi tukalibeba. Harusi ilifanyika ndani ya nyumba ya vioo, katikati ya mistari ya sukuma wiki na nyanya, maana hapakuwa na ukumbi mwingine wa kutosha watu. Gauni lilimkaa Kadzo kama alizaliwa nalo. Mimi na nahodha tuliwekwa meza ya mbele pamoja na wakwe.

Habari za chombo kutobolewa zilikuwa zimekwisha kuenea. Mjomba mmoja wa bwana harusi, mtu wa utani mwingi, akasimama na kusema, "Tumesikia Mzee Kahindi aliziba mlango kama kizibo cha chupa. Mzee, hofu yako alikufukuzia nani?"

Watu wakacheka, nami nikaogopa kwamba Mzee ataumia. Lakini yeye alinyanyuka pole pole, akasimama na ule mwili wake mkubwa, akicheka kuliko wote.

"Niliogopa, tena sana!" akasema. "Hata sasa nikikumbuka naogopa. Nimeogopa maisha yangu yote, na maisha yangu yote watu wamekuwa wakiifukuza hofu yangu. Ukiifukuza inazunguka nyumba, inaingia dirishani. Binti huyu," akaninyooshea kidole mimi, "naye alijaribu kuifukuza kidogo. Kisha akaacha, akaishika mkono, akaiambia: njoo, kuna kazi. Jamani, hofu yangu ina bidii! Hofu haifukuzwi, hupewa kazi."

Vigelegele vilipigwa hadi vioo vikalia. Nahodha Tuntufye akanong'ona sikioni mwangu, "Maneno hayo nitayachukua." Akayachukua kweli. Akawa anayasema kwa kila mhudumu mpya aliyepanda Kipungu, nao wakayapeleka kwenye vyombo vingine, mpaka leo yamefika kwa mkufunzi wenu, ambaye hajui kwamba yalitoka kinywani mwa baba wa bibi harusi aliyesimama katikati ya nyanya.

Unasemaje, Sikudhani? Kwamba kesho ukirudi chumba cha mazoezi hutatetemeka?

Utatetemeka, mjukuu wangu. Mwambie mkufunzi wazi kwamba unaogopa, na usimwombe akutoe nje. Mwombe akupe kipimo cha kutazama au kamba ya kushika. Na ninyi wengine mliocheka leo spana ilipoanguka, kesho mwenzenu akikwama msimwambie "usiogope" kama nilivyosema mimi mpumbavu. Msogeleeni, mmwekee mkono, mmwulize anasikia nini. Huenda anasikia kitu ambacho ninyi mmekizoea.

Hofu haifukuzwi, wanangu. Hupewa kazi.