Diski Mbili za Mwalimu Eliamini

"Mbio za wawili, kaburi moja." Mmemsikia shangazi yenu akimwambia hivyo mumewe alipokuwa akichagua kompyuta ya nyumbani, mkacheka, kisha mkaja kuniuliza ni wahenga gani waliojua mambo ya kompyuta. Wahenga hawamo. Aliyeisema kwanza ni Bibi Nakijwa wa Usangi, na mmoja wa waliomfanya aiseme ni mimi. Chanzo chake ni hiki.

Katika ukoo wa Bibi Nakijwa, habari za ukoo hazikuachiwa mtu mmoja. Kila kizazi kilikuwa na washika wawili, na kila mmoja alijifunza habari zote: majina ya waliotangulia, walikotoka, nani alioa wapi, nani amelala shamba gani. Mmoja akifa, mwenzake alibaki na yote, naye akamfundisha mwingine. Walikwenda hivyo vizazi kumi na kimoja. Kisha kaka yake Bibi, aliyekuwa mshika mwenzake, akafariki ghafla kabla hawajampata wa kumfundisha. Bibi akabaki peke yake, akiwa na miaka themanini na tisa.

Mwana wa mdogo wake, Mwalimu Eliamini, alikuwa amestaafu na kuhamia Same mjini. Alipanda Usangi na kamera, akakaa siku sita akimrekodi. Aliporudi, kompyuta yake ya nyumbani ikashindwa na mzigo ule. Akikata kipande kimoja cha video, mashine inaganda mpaka chai yake inapoa. Na mkutano wa ukoo ulikuwa mwezi uliofuata.

Akaniletea kompyuta. Nilikuwa fundi niliyejifunza kwa kufungua na kufunga, nikiandika kila hatua kwenye daftari. Nikamweleza kuwa zipo diski mpya zisizo na sahani ya kuzunguka, nazo zina kasi, ila kubwa za kutosha kazi yake hazikuwa zimefika kwetu. Njia nyingine ni kufunga diski mbili za kawaida zifanye kazi kama moja. Kompyuta hulikata kila faili vipande, ikaandika hiki huku na kile kule kwa wakati mmoja.

"Zitakuwa mbili?" akauliza.

Nikamwambia mbili.

"Basi ni kama washika wetu," akasema, akatabasamu.

Nilidhani anaisifu kazi, nikatabasamu naye. Desturi yao sikuijua, wala sikumwuliza anataka kuhifadhi nini. Aliniomba mbio, nikampa mbio.

Na mbio zilipatikana kweli. Video zilifunguka mara moja, na Mwalimu akafanya kwa siku tatu kazi aliyodhani itachukua wiki tatu. Kwa kuwa aliamini kila diski ina habari zote, hakuona haja ya kuweka nakala mahali pengine. Akafuta kadi za kamera ili akarekodi harusi ya mpwa wake huko Mwanga.

Zikiwa zimebaki siku tisa kabla ya mkutano, diski moja ikaanza kulia tik, tik, kisha kompyuta ikakataa kuwaka. Mwalimu aliileta bila wasiwasi wowote.

"Mshika mmoja anaumwa, fundi. Mtoe tuendelee na mwenzake."

"Mwalimu, huyu mzima hana habari kamili."

"Si wako wawili?"

"Wako wawili, lakini kila mmoja alipewa nusu. Nusu ya kila kitu."

Alikaa kwenye stuli, akaitazama ile diski nzima mezani. Baadaye akasema, kwa sauti ndogo, kwamba kadi amezifuta.

Nilijaribu kila nilichokijua. Nikaipeleka diski mbovu kwa fundi mwenzangu aliyeko Moshi mjini, naye akanionyesha sahani iliyokwaruzika yote. Ikabidi tupande Usangi. Njiani kila mmoja wetu alisema kosa ni lake, wala hatukumaliza mabishano hayo.

Bibi Nakijwa alikuwa akichambua maharage. Alitaka nimweleze taratibu, nikamweleza.

"Kwa hiyo mliyachukua maneno yangu mkayapasua katikati?"

"Ndiyo, Bibi."

"Kwa nini?"

"Ili yaende haraka."

"Yalikuwa yanakwenda wapi?"

 Akaendelea kuchambua.

"Washika wetu walikwenda polepole," akasema, "lakini mmoja akianguka, mwenzake anafika. Hawa wenu hapana. Hawa ni mbio za wawili, kaburi moja."

Hakusema kwa hasira. Alitusogezea viti, akamwambia Mwalimu awashe kamera, akaanza upya. Safari hii niliweka nakala mbili kamili kila jioni, moja nikiiacha nyumba ya jirani.

Alipofika kizazi cha nane akasimama. Babu wa kizazi hicho alikuwa na wake wawili, na jina la mke wa pili halikuja. Alihesabu kwa vidole, akarudi nyuma vizazi viwili ili aje nalo kwa kasi, bado halikuja. Akamgeukia Mwalimu, maana mara ya kwanza alikuwa amelitaja na Mwalimu mwenyewe ndiye aliyekikata kipande hicho. Mwalimu akainamisha kichwa. Alisema alipokuwa akikikata alikuwa akitazama jinsi kompyuta inavyokwenda kasi, hakuwa akisikiliza.

Siku ya mkutano habari zilisomwa, na kila tawi lilisimama jina la mama yao lilipotajwa. Zamu ya watoto wa mke wa pili ikafika. Walisimama, wazee kwa wachanga waliobebwa mgongoni, wakangoja. Msomaji akapita pale palipo wazi, nao wakakaa mmoja mmoja. Hakuna aliyemlaumu mtu. Mzee mmoja wa tawi lile alimwuliza tu Mwalimu ilikuwaje, na Mwalimu akamjibu kwa maneno ya Bibi, na yule mzee hakuhitaji kuelezwa zaidi: mbio za wawili, kaburi moja.