Chini ni ya Watoto

"Kijiko cha mgeni hakifiki chini." Niliisema mchana, mliporudi kutoka kwa dada yenu mkisifu viti vyake na mapazia yake, na tangu saa hizo mnaniandama niwaambie imetoka wapi. Haya. Ila msiache kukoroga hiyo kastadi, itashika sufuria, na ikiungua mtaila wenyewe. Korogeni huku mnasikiliza. Methali hii haikutoka kitabuni. Ilianzia katika ukoo wetu, na aliyeisema kwanza ni mjomba wangu, Mzee Kolumba, kaka yake mama yangu. Ilianza hivi, na si hadithi ya kuchekesha.

Kwanza mjue desturi. Hapa Kwemdulu kina mama wa zamani walijifunza kupika kastadi kwa masista wa misheni. Masista walikuwa wakimpakulia kila mtu kibakuli chake, anakula peke yake. Wazee wetu wakaona huo ni uchoyo. Wakachukua chakula, wakaweka adabu ya kwetu. Ikawa kila Noeli bakuli moja kubwa linawekwa katikati ya meza. Chini kabisa mna keki ya jana iliyokatwa vipande na kulowekwa maji ya machungwa, juu yake mapapai, ndizi na nanasi, halafu kastadi, halafu matunda tena, na juu ya yote kastadi iliyosawazishwa kwa mgongo wa kijiko na kunyunyiziwa kungumanga. Mgeni huchota juu. Anakula, anasifu, anaweka kijiko. Hata kama ana njaa ya jana, hachimbi. Chini, kule ambako utamu wote umeshuka, ni kwa watoto wa nyumba ile. Mgeni aliyechimba alisemwa hadi Pasaka.

Basi mjomba alikuwa na binti mmoja, Editha. Mkewe alikuwa amekwisha kufariki, na huyo Editha ndiye aliyekuwa mboni ya jicho lake. Alipochumbiwa na Leonadi, mnyapara wa shamba la mkonge huko bondeni, mjomba aligoma. "Mkonge hauliwi," alisema. "Siku mwenye shamba akiondoka, mtatafuna kamba?" Editha naye alikuwa na kichwa kigumu cha babake. Akamjibu kwamba siku hiyo ikifika, hatakuja kupiga hodi kwake. Wakaoana, harusi ikapendeza, na mjomba akamzoea mkwe wake hata akampenda. Lakini lile neno lilikwisha kutoka, na Editha hakulisahau.

Siku hiyo ikafika kweli. Mwenye shamba akaondoka, kiwanda kikanyamaza, wakata mkonge wakatawanyika. Leonadi akaachwa alinde mashine kwa ahadi tupu. Mwaka huo huo mvua za vuli zikakosa, na mahindi ya bondeni yakakauka yakiwa kimo cha goti. Editha akauza kuku, akauza vitenge vya harusi, akauza hata bakuli lake la kioo ambalo watu walikuwa wakilionea wivu. Watoto walikuwa wawili, Felista wa miaka tisa na Beda wa minne. Walikuwa wakishindia uji mwepesi, na siku nyingine hata huo haupo. Huku juu kwetu mvua haikukosa sana. Ghalani kwa mjomba mahindi yalikuwa yakiliwa na dumuzi. Kutoka nyumba hii hadi ile ni mwendo wa asubuhi moja. Hapo ndipo huwa nakasirika, na nikikasirika sijui nimkasirikie nani.

Kila mwaka Editha na mumewe walikuwa wakipanda kwetu kula Noeli. Mwaka huo akatuma salamu kwamba Leonadi hawezi kuacha mashine. Mjomba akasema, "Basi tutashuka sisi." Akamwambia dada yake, yaani mama yangu, wajiandae na safari. Habari za ugeni zilimfikia Editha siku moja tu kabla.

Fikirini wenyewe. Babake anakuja, na nyumbani hamna hata chungwa. Alikuwa na kopo la unga wa kastadi alilolificha tangu siku za neema, na sukari kidogo, na kipande cha kungumanga, na jirani mwenye mbuzi akampa maziwa. Hayo yalitosha tabaka la juu tu. Mpakani mwa shamba palikuwa na mihogo michungu, ile inayopandwa ili nguruwe wasisogee. Mnaijua, hailiwi hivi hivi. Humenywa, ikalowekwa, ikaanikwa siku nyingi hadi sumu itoke, ndipo ikasagwa. Editha hakuwa na siku nyingi. Akaichimba, akaichemsha, akaiponda, akaitia sukari na maji ya ndimu ili harufu iwe ya matunda, akaishindilia chini ya bakuli la bati. Juu akamimina kastadi. Hakukusudia mtu aile. Mgeni hafiki chini, alijua. Wageni wakishaondoka angeimwaga shimoni, na heshima yake ingekuwa imesalimika.

Wakafika, wakakaribishwa, wakaketi. Mjomba akapewa kiti chenye mto. Mama yangu alikuwa na macho makali, akaona mambo. Aliona bakuli la bati mahali pa lile la kioo. Aliona shingo ya Beda ilivyokuwa nyembamba, na jinsi mtoto alivyokuwa akikifuata kijiko kwa macho, kutoka kwenye bakuli hadi kinywani mwa babu. Akamtazama kaka yake. Kaka yake alikuwa anaitazama kungumanga. Angeweza kuuliza, mama yangu. Akajisemea kwamba si adabu kuchungulia mambo ya nyumba ya mtu siku ya Noeli, tena mbele ya mumewe.

"Mwanangu, mkono wako haujapotea," mjomba akasema, akaweka kijiko. "Haya, Felista, Beda, njooni. Chini ni yenu."

Editha akawahi kulishika bakuli. "Watakula baadaye, Baba. Wameshakula."

"Wamekula nini cha kuishinda hii? Waache wale niwaone."

"Baadaye, Baba."

"Unawanyima watoto mbele yangu? Mama yako hakukulea hivyo."

Mama aliniambia kwamba hapo Editha alifungua kinywa. Mama akajua kuna neno linakuja. Lilikuwa neno fupi tu: Baba, huu ni muhogo mchungu, hatuna chakula. Leonadi alikuwa ameinamisha uso. Editha akafunga kinywa, akacheka kidogo, akasema, "Nawawekea ya jioni, Baba, wasije wakaimaliza yote sasa hivi." Akalipeleka bakuli jikoni, akalifunika kwa sahani, akaliweka juu uchagani.

Jua lilipopinda wageni wakaaga. Kwetu mgeni hasindikizwi hadi mlangoni tu, na akiwa baba mzazi ndiyo kabisa. Leonadi akachukua mzigo wa mkwewe, kama ilivyompasa. Editha akamwinamia Felista akamwambia, "Lile bakuli msiliguse, umesikia?" Alisema kwa sauti ya chini kwa sababu babake alikuwa hapo hapo kizingitini, na hakusema kwa nini. Mjomba naye, kwa mapenzi yake, akambeba Beda, akamnong'oneza sikioni: "Chini ni yenu. Mama yako anaringa tu, mimi nitamsemesha njiani."

Njiani mjomba alitembea polepole. Akasimulia habari za kanisa, akasimulia habari za marehemu mkewe, akasimama kuonyesha mahali alipowahi kuuona mzinga wa nyuki. Editha alijaribu kuaga wakiwa bado karibu na kiwanda, mzee akamshika mkono. "Bado kidogo, mwanangu. Sisi hatuonani mara nyingi." Walifika mtoni ndipo mzee akawaruhusu warudi. Wageni walipopotea upande wa pili, Editha alikunja kanga akaanza kukimbia, na Leonadi akamfuata bila kujua anakimbilia nini.

Alikuta kigoda chini ya uchaga na bakuli liko sakafuni, limelambwa. Felista alikuwa ameegemea ukuta. "Babu alisema ni yetu," akasema kabla hajaulizwa. Halafu akaongeza, kama mtoto anayetaka asifiwe, kwamba yeye amekula kidogo, nyingi amempa Beda kwa kuwa Beda ndiye mdogo na alikuwa akilia. Beda alikuwa amejikunja akishika tumbo.

Wakampa maziwa yaliyobaki, akayatapika. Giza lilipoingia miguu yake ilikuwa haisimami na pumzi zake zimekuwa fupi. Zahanati ilikuwa mbali, ng'ambo ya mashamba yote yale ya mkonge. Leonadi akamfunga mwanawe mgongoni kwa kanga ya mkewe, akaenda mbio. Alirudi akitembea. Felista alitapika hadi asubuhi, akapona.

Kesho yake mjumbe akapanda kwetu, na mjomba na mama yangu wakashuka tena njia ile ile. Mama ndiye aliyemwosha mtoto. Aliniambia kwamba mezani aliyafumbia macho aliyoyaona, lakini mikono haikumwachia nafasi hiyo. Alipompitishia kitambaa mbavuni alijua kwamba nyumba ile ilikuwa na njaa ya muda mrefu, na kwamba yeye alikaa ndani yake, akala, akasifu. Mama yangu hakuwa mtu wa kulia mbele za watu. Siku ile alilia.

Baada ya mazishi walimwekea mjomba kile kiti chenye mto, mahali pa wanaume. Hakukikalia. Akaingia jikoni, na mnajua mzee wa heshima zake haingii jikoni kwa binti yake. Akaanza kufunua. Akafunua chungu, kitupu. Akafunua debe la unga, akalipiga upande, likalia utupu. Kwenye kona aliona mizizi ya muhogo iliyobaki, akaokota mmoja, akaumega, akaulamba kwa ncha ya ulimi, akatema. Halafu akamtazama binti yake aliyekuwa ameketi karibu na mafiga yasiyo na moto.

"Tangu lini?" akauliza.

"Tangu kabla ya kupanda mahindi."

"Na mimi ghala langu limejaa."

"Najua, Baba."

"Kwa nini hukuniambia, Editha?"

Editha hakulia. Machozi yalikuwa yamemwisha. "Nilikuapia kwamba sitakuja kupiga hodi kwako," akasema. "Halafu ulikuja mwenyewe, nikasema leo nitamwambia. Pale mezani nilikuwa nimekwisha kufungua kinywa. Lakini ulikuwa umesifu, Baba. Ulikuwa umeweka kijiko. Ningeanzia wapi?"

Mjomba wangu akakaa chini, sakafuni, kwenye majivu, na suti yake ya mazishi. Wanawake wakataka kumwinua, akawakataza kwa mkono. Ndipo aliposema, na hakuwa akimwambia mtu yeyote: "Mimi ni baba yake. Nimekuja kwa mwanangu kama mgeni, nikachota juu, nikarudi nimeshiba. Kijiko cha mgeni hakifiki chini."

Aliwachukua wote watatu, akawapandisha kwake, na hawakushuka tena bondeni. Chakula kilikuwepo, walikula. Felista alikua, akaolewa, na kila sahani aliyopakuliwa aliibakiza nusu, hata uzeeni. Editha hakupika kastadi tena, na mjomba hakumwomba. Ila yeye mzee, nyumba yoyote ya ndugu aliyoalikwa, alianzia jikoni. Alifunua vyungu, akauliza unga uko wapi, akawapakulia watoto kwa mkono wake akiwa ameonja kwanza kilicho chini. Mwanzoni watu waliudhika, wakamwita mzee asiye na haya. Alikuwa akiwajibu kwa maneno yale yale ya jikoni kwa Editha, na ndivyo yalivyoenea, kutoka nyumba hadi nyumba, mpaka leo wapo wanaoyasema kwa mzaha harusini wakigombania pilau.

Mimi siwezi kuyafanyia mzaha. Walikaa watu wazima wanne kwenye meza moja, wote wakipendana, wote wakiwa na adabu, na mtoto akafa kwa jambo ambalo hakuna aliyetaka kuuliza wala kusema. Kijiko cha mgeni hakifiki chini.