Alikolala na Alikoshinda

"Usimuulize mgonjwa alikolala; muulize alikoshinda."

Mmeisikia leo, wanangu, na mnataka kujua ilikotoka. Haya, asili yake ni hii.

Mvua za vuli zilipokatika, kidingapopo, ile homa ya mbu inayovunja viungo, iliingia mtaa wa Magongoni. Wa kwanza kuugua alikuwa Mwanaidi, mpangaji mgeni mwenye kichanga. Wakafuata wengine, wote wanawake. Mwenye nyumba wake, Mzee Kiduko, akaapa: "Huyu kaja na mkosi. Ijumaa afungashe!"

Sikudhani, mhudumu wa afya wa mtaa, aliwaza: mama hawezi hata kusimama, atakwenda wapi na mtoto mgongoni? Akapita nyumba kwa nyumba. Mnalala kwenye chandarua? Ndiyo. Kimetoboka? Wala. Ajabu! Mbu gani huyu apenyaye chandarua kizima, tena achague wanawake?

Alhamisi akaenda kumkanda Mwanaidi kwa kitambaa cha maji. Alipomvua mtandio, mkono ukasita. Nywele zimesukwa twende kilioni, zimepindwa juu ya sikio. Msuko uleule alikuwa ameuona asubuhi kwa Bi Mize, na kwa binti wa muuza mkaa pia. Wote wagonjwa.

"Shoga, nani kakusuka?"

"We Sikudhani nawe! Mimi nakufa, wewe unatafuta msusi?"

"Nijibu tu, mwaya."

"Mama Shani. Nilishinda kwake kutwa. Foleni haiishi, umbea hauishi."

Sikudhani akatoka mbio. Kwa Mama Shani wateja walikalia matairi chakavu, wakisubiri zamu huku wakijipiga makofi miguuni.

"Inukeni kidogo, jamani."

Ndani ya matairi kulijaa maji ya mvua, viluwiluwi wakijinyonganyonga.

"Mbu mchana wote huu?" Mama Shani akashangaa, chanuo mkononi.

"Huyu wa kidingapopo huuma mchana. Chandarua cha usiku hakimkomeshi."

Mzee Kiduko aliitwa aje ajionee. Akainama, akachungulia, akakohoa.

"Kumbe."

Alikunja mikono ya kanzu, akaanza kumwaga maji tairi moja baada ya jingine. Ijumaa ilimkuta Mwanaidi chumbani kwake, akinywa uji, kichanga kikinyonya.

Tangu hapo, homa ikibisha hodi Magongoni na mtu akaanza na habari za vyandarua, wanawake humkatiza:

"Usimuulize mgonjwa alikolala; muulize alikoshinda."